Mgongo wa Baba, Pazia la Nyanya

Juzi binti yangu aliniona nimechoka, akanipeleka kukandwa katika hoteli moja ya Kikambala. Chumba chenyewe kilikuwa cha baridi, kinapigwa muziki wa maji yanayotiririka, na msichana aliyevaa nguo nyeupe akaniambia nilale kifudifudi, nilegeze mwili, nisifikirie chochote. Kusema kweli sikuwa na nia ya kufikiria. Lakini alipofungua chupa yake ya mafuta nikasikia harufu ya uto wa simsim uliopikwa na karafuu, na machozi yakanitoka pale pale, uso umezama ndani ya tundu la kitanda. Mtoto wa watu akaingiwa na hofu.

"Pole mama, nimekubonyeza sana?"

Masikini, hakuwa amenigusa bado.

Ile ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu ya Malindi, mtaa wa Shela, katika msimu ule Baba alipolala mgonjwa. Rika langu mnajua mambo yalivyokuwa. Dawa zilitoka jikoni kabla hazijatoka hospitalini. Ukikohoa unajifunika shuka juu ya chungu cha majani yanayochemka, ukiumwa na kichwa unafungwa kitambaa chenye ndimu, na ukilia bila sababu unafukizwa ubani hadi unasahau ulikuwa unalilia nini. Siku hizi watu wanavuka bahari kuja kutafuta mambo hayo na yamepewa majina mazuri. Sisi hatukuyapa jina. Yalikuwa ni kutunzana tu.

Baba alikuwa mbebaji wa magunia kwenye mashamba ya chumvi ya Marereni. Alikuwa akikaa huko wiki nzima, anarudi nyumbani na nyayo zilizopasuka na chumvi imeganda kwenye nyusi. Mimi nilipenda kumlamba mkono nione kama kweli babangu ana ladha ya bahari, na Mama akinigombeza. Kisha siku moja akaletwa mchana, siku isiyokuwa ya kurudi, amelazwa nyuma ya lori juu ya magunia matupu. Wenzake wakamshusha taratibu, mmoja huku, mmoja kule, kama wanaoshusha kabati la kioo. Alikuwa amejitwika gunia kama kawaida yake, mgongo ukakataa.

Hospitali walimpa vidonge, wakamwambia alale, na wakasema asipopata nafuu itabidi apelekwe Mombasa akapasuliwe. Neno hilo la kupasuliwa lilipoingia nyumbani kwetu halikutoka tena. Mama alilisema kwa sauti ya chini mbele yangu, kwa hiyo nikajua ni baya. Nyapara wa kule chumvini, aliyekuwa mtu mwenye ubinadamu, alituma salamu kwamba nafasi ya Baba ipo mpaka kiangazi kitakapoingia, maji ya bahari yatakapofunguliwa tena kwenye mabwawa. Baada ya hapo hataweza kumshikia. Basi sote tukawa tunaishi kwa kuutazama mgongo wa Baba na kulitazama wingu.

Na ndani ya nyumba hiyo hiyo alikuwako mtu aliyejua kuponya migongo. Nyanya, mamake Mama, alikuwa mtu wa visiwani, kaskazini. Alikuja kukaa nasi alipofiwa na mumewe, na mikono yake ilijulikana mtaani kabla ya jina lake. Wazazi waliojifungua walimwita awakande, wazee walioanguka walimwita awanyooshe, hata watoto wachanga wasiolala walipelekwa kwake wakarudi wamelala fofofo. Lakini Nyanya hakumgusa Baba. Kati ya chumba chetu cha mbele na upande wa Nyanya palitundikwa pazia la kitambaa kizito chenye maua mekundu, na pazia hilo halikuwa limewahi kufunuliwa Baba akiwamo.

Hata kuzungumza hawakuzungumza. Baba amelala hapa, Nyanya amekaa pale, ukitupa kokwa ya tende inamfikia, na maneno yao yote yanapita kwangu.

"Mwambie babako chai i tayari," Nyanya husema.

"Mwambie nyanyako ahsante, Mwenyezi Mungu amzidishie," Baba hujibu.

Nami nachukua "ahsante" ile ambayo kila mtu ameshaisikia, naipitisha chini ya pazia, naifikisha. Nilifanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa. Na kwa kuwa watu wazima niliokuwa nikiwaona hawasemezani ni wale waliogombana, nikakata shauri kwamba Nyanya na Baba wanachukiana. Nilidhani kulitokea ugomvi kabla sijazaliwa, ugomvi mkubwa usiosameheka, na kwamba Mama anaujua ila anauficha. Hakuna aliyeniambia kwamba kwa watu wa Nyanya mkwe hupikiwa, husitiriwa, huombewa dua, lakini hatazamwi usoni wala haguswi. Sheria ya dini haikatazi, maana mkwe ni mwana. Haya ndiyo iliyokataza, na haya ya Nyanya ilikuwa na nguvu kuliko sheria.

Mama alijaribu yeye. Nyanya akimwelekeza kutoka nyuma ya pazia, Mama akaweka mikono, lakini kila Baba alipoguna Mama aliacha akaanza kulia, na Baba naye akaacha kuugua akaanza kumbembeleza. Hapo hakuna tiba. Nyanya akavumilia kidogo, kisha akaniita.

"Ndoo hapa." Kwa lugha ya kwao njoo ni ndoo, chini ni tini, na kuvunja ni kuvunda.

Nikaenda. Akanitia mikono makwapani akaninyanyua juu, akanishusha, akaninyanyua tena, macho ameyafumba.

"Huyu ndiye," akamwambia Mama. "Mwepesi, na hana huruma ya kipumbavu."

Mama akafunga kamba ya makumbi ya nazi kwenye boriti, ikaning'inia juu ya mkeka wa Baba, ili niishike nisimwangukie na uzito wote. Nikaoshwa miguu kwa maji ya moto. Kwanza Mama alipaka uto mahali panapouma, halafu akaweka juu yake chumvi ya mawe iliyokaangwa, imefungwa katika kitambaa, mpaka ngozi ikawa nyekundu na nyumba nzima ikanuka karafuu. Kisha mimi nikapanda.

Wale ambao hawajawahi kusimama juu ya mgongo wa baba yao siwezi kuwaeleza raha ile. Ni kama kusimama juu ya mnyama mkubwa anayekupenda. Joto linakupanda kutoka kwenye nyayo mpaka magotini, na akipumua unapanda na kushuka pamoja naye. Nyanya akiongoza kutoka nyuma ya pazia, haoni kitu, anasikiliza tu.

"Kwenye mnofu, mwanangu, si kwenye mfupa. Tini kidogo. Tini tena. Hapo. Mwambie babako avute pumzi kwa pua, na akiishusha aseme Ya Latifu. Asiishushe kwa vita. Mwili si adui yake."

"Baba, vuta pumzi. Useme Ya Latifu. Usipigane."

"Ya Latiiifu," Baba anasema, na sauti yake natetemeka nayo miguuni.

Mguno mmoja ukitoka, Nyanya anajua. "Hapo pana fundo. Kaa hapo hapo, usicheze." Mguno mwingine ukitoka, anasema, "Huo ni wa raha, pita." Sikujua mtu anaweza kusoma maumivu kwa masikio. Baba akawa anapata usingizi. Baadaye akawa anakaa kitako na kuegemea ukuta, akanisikiliza nikisoma kitabu cha shule. Nami nikaanza kutembea mtaani kama daktari. Mama wa jirani akiniuliza, "Babako hajambo?" nilijibu, "Namtibu." Walicheka, lakini mimi sikuona cha kuchekesha.

Basi siku moja nilikuwa uani naokota kuni, Nyanya na Mama wako jikoni wanakuna nazi. Mama alikuwa ametoka kushusha upindo wa gauni langu la shule, akawa anasema mtoto anakua huyu, nguo hazimkai. Nyanya akajibu, bila ubaya wowote, kama mtu anayesemea hali ya hewa:

"Akizidi kidogo tu hatatufaa tena. Mgongo ule hautaki uzito. Akiwa mzito atavunda badali ya kutengeneza."

Nikasimama na kuni zangu. Wahenga walisema maji ya kifuu bahari ya chungu, na mimi siku ile nilikuwa chungu nimeona bahari. Nikafanya hesabu ya kitoto isiyokuwa na mwanya. Nyanya hamgusi Baba kwa kuwa anamchukia. Mama analia. Nimebaki mimi. Nikiwa mzito, Baba atapelekwa Mombasa akapasuliwe. Na kinachomfanya mtu awe mzito ni chakula.

Nikaacha kula. Si kwa mara moja, la, maana nilijua nitashikwa. Mahamri ya asubuhi niliyatia kwenye mkoba, nikampa mbuzi wa jirani, naye akawa ananisubiri mlangoni kama mdai. Shuleni maziwa ya Nyayo, yale ya pakiti ya pembetatu ambayo watoto wazima walikuwa wakipigania, nilimpa mwenzangu wa dawati moja, akaniapia urafiki wa milele. Usiku kwenye sinia nilikuwa nikitengeneza tonge, nalipeleka kinywani, nalirudisha, nalisogeza upande wa Mama. Wali wa nazi ulininukia hadi ndotoni. Niliona fahari sana, na niliona njaa sana, na vitu viwili hivyo nilivichanganya nikadhani ni kitu kimoja.

Nyumba yenye waganga haikosi kuona mtoto akikonda. Mama akasema ni minyoo, nikanyweshwa mshubiri, uchungu wake nausikia mpaka leo. Nyanya akasema huenda ni jicho, maana nimesifiwa mno kwa kumtibu babangu, nikafukizwa. Shangazi mmoja akapita akashauri kombe, nikaandikiwa aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya marashi, nikanywa. Hilo nililipenda, lilikuwa tamu kidogo. Mgonjwa haulizwi uji, wanasema, na kweli mimi niliulizwa kila kitu isipokuwa sababu. Nilimeza dawa zote kwa adabu, kisha nikakataa chakula kwa adabu vile vile.

Siwacheki. Walinishika mikononi mwao mchana kutwa, wakanipaka, wakanisomea, wakanipuliza kwenye utosi. Sijawahi kupendwa kwa namna hiyo tena, na nimependwa sana maishani mwangu.

Aliyegundua ni mgongo.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, saa yetu ya kawaida. Nimepanda, nimeshika kamba, Nyanya anaelekeza. Miguu yangu ikaanza kutetemeka. Nikaibana, ikazidi. Nikaona boriti inapepesuka.

"Mama," Baba akasema. Aliniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la mamake. "Shuka."

"Bado, Baba. Nyanya hajasema basi."

"Shuka nakuambia."

Nikashuka. Akageuza kichwa kwenye mto akanitazama, kwa kuwa ndicho alichoweza kugeuza bila kuumia.

"Umekula nini leo?"

"Nimeshiba."

"Usinidanganye. Macho unaweza kuyadanganya, mgongo huwezi. Mwezi uliopita nilikuwa najua kuna mtu juu yangu. Leo naona kama amepita kuku. Umekula nini?"

Nilitaka kusema mahamri. Badala yake nikaanza kulia, kilio cha mtu mwenye njaa, kisicho na breki. Nikayatoa yote, kwa sauti ya juu, yamechanganyika na kamasi.

"Nikinenepa utapelekwa Mombasa! Utapasuliwa! Mama hawezi, na Nyanya hakupendi! Nani atakukanyaga mimi nikiwa mzito?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha chumvi mkononi, chumvi inapoa. Nikajua nimefanya jambo kubwa. Nimetaja ule ugomvi uliokuwa ukifichwa, na sasa utafumuka.

Kisha nikasikia Nyanya anafungua sanduku lake, na chini ya pazia nikaona pindo la buibui. Nyanya havai buibui ndani ya nyumba. Nyanya anavaa buibui akiondoka. Nikafikiri, basi, anarudi kwao visiwani, nami ndiye niliyemfukuza.

"Nyanya usiende," nikasema.

Pazia likafunuka. Akaingia ubavu ubavu, amejifunika gubigubi, uso ameugeuzia mlangoni, mkononi ana leso mpya haijatiwa maji. Baba akauzika uso wake kwenye mto kama mtoto aliyevunja kikombe. Mtu mzima mwenye ndevu! Shingo yote ilikuwa imejaa haya. Nyanya akapiga magoti kando ya mkeka. Akaikunjua leso, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena, ndipo nilipoelewa kwamba Nyanya anaogopa.

"Mwanangu," akasema. Hakunitazama mimi. Alikuwa akisema na Baba. "Niwie radhi. Haya zangu zimemla mtoto."

Sauti ya Baba ikatoka ndani ya mto. "Wewe ni mama. Mama haombi radhi kwa mwanawe."

Nyanya akaikunjua ile leso, akaitandaza juu ya mgongo wa Baba kutoka mabegani mpaka kiunoni, akailainisha pembe zake. Kisha akageuza uso wake ukutani, akafumba macho, akasema Bismillahi, na akaweka mikono juu ya nguo.

Baba alijitahidi asigune. Naona sasa jinsi alivyojitahidi, alivyoubana mwili wote kwa heshima. "Usiubane," Nyanya akamwambia polepole, "heshima yako nimeshaipokea. Ushushe." Na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu wa kupeleka neno. Baba akashusha pumzi ndefu, "Ya Latifu" ikatoka imevunjika katikati, na mabega yake chini ya leso yakaanza kutikisika. Sikuwa nimewahi kumwona Baba akilia. Nyanya hakuacha kukanda kama Mama alivyokuwa akiacha. Aliendelea tu, dole gumba baada ya dole gumba, kana kwamba kilio nacho ni fundo lililokuwa humo siku zote.

Mama akanishika mkono akanitoa. Jikoni akanipakata, mimi mkubwa vile, akanilisha kwa mkono wake mkate wa mofa na samaki wa kupaka, akinitolea miiba. Kila nikisema nimeshiba anasema, "Kula mpaka niseme mimi."

Siku iliyofuata, Nyanya akinisuka nywele, nilimuuliza. Kwani humchukii Baba?

Akaacha kusuka. "Nimtukie? Mtu nimtukiaye mimi humtazama matoni, nikamwambia. Babako ni mwana niliyepewa bila utungu. Ndiyo maana nimemtia pazia, nisije nikamzoea nikamvundia heshima." Akavuta nywele. "Inama."

Sikuelewa yote wakati ule. Nilielewa nilipoolewa, na nilielewa zaidi nilipopata wakwe wa kwangu mwenyewe na kuona jinsi watu wanavyozoeana haraka na kuumizana haraka. Lakini neno "mwana" nililielewa siku ile ile, nikalala nalo.

Kutoka hapo kazi ya mgongo ikawa ya Nyanya. Kila alasiri alivaa buibui lake, akatandaza leso, akageuka ukutani. Walikuwa hawazungumzi sana. "Hapa?" "Hapo, mama." "Na hapa?" "Hapo raha." Mimi kazi yangu ilikuwa kula, na nikaifanya kwa bidii ile ile. Yule mbuzi alinililia mlangoni kwa muda, kisha akakata tamaa. Baba akasimama kwa kushika ukuta, baadaye kwa kushika bega la Mama, baadaye kwa kushika hewa tu. Pazia likarudi mahali pake, na mimi niliyekuwa nimelichukia sasa nikawa nalikung'uta vumbi kila Ijumaa.

Mvua zikaisha. Habari ikaja kutoka Marereni kwamba mabwawa yanafunguliwa, na nyapara amemwekea Baba kazi ya malango ya maji, si ya magunia. Lakini hata lango lina uzito wake, mbao imelowa na inafungwa na matope, na Mama hakukubali aondoke kabla ya kuona. Akataka Baba anyanyue kitu mbele yetu. Akaleta debe la maji uani.

Baba akalitazama lile debe. Kisha akanitazama mimi niliyekuwa nimekaa kizingitini namenya chungwa.

"Njoo wewe," akasema.

Mama akaanza kukataa. Baba akapiga magoti kwanza, mgongo umenyooka, kama Nyanya alivyomfundisha. Akanitia mikono makwapani. Nilimtazama usoni kwa karibu, nikitafuta ule mkunjo wa maumivu kati ya nyusi. Ndani, upande wa pazia, shanga za tasbihi ya Nyanya zikaacha kulia. Baba akavuta pumzi kwa pua. Akaishusha. Miguu yangu ikaacha ardhi, ikapita kiuno chake, ikapita kifua chake, na mkunjo haukuja. Akaniweka begani, akasimama wima, mrefu kama nilivyokuwa nimesahau.

"Mama!" akaita, na mimi na Mama tukajua anamwita nani. "Mama, mtoto huyu ni mzito!"

"Alhamdulillahi," Nyanya akajibu kutoka nyuma ya pazia, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Basi tembea naye, mwanangu. Niisikie miguu yako."

Baba akatembea.